Mbwa wa mbio katika ghorofa ya nne

IWAPO umewahi kupita katika mtaa wa Fedha, Nairobi, mwendo wa saa kumi na moja na nusu alfajiri, huenda ulimwona mwanamke aliyejifunga leso juu ya sweta akikokotwa na mbwa mwembamba mwenye miguu mirefu na mkia uliofyatwa katikati ya miguu kwa sababu ya baridi. Mwanamke huyo ni mimi.

Utakuwa ulishangaa, na wala hukuwa wa kwanza. Abiria wanaongojea matatu za kwenda mjini hunikodolea macho. Kuna makanga mmoja ambaye huniuliza kila asubuhi kama huyo ni mbwa au ni swara. Mwingine alinisihi siku moja kwa sauti ya huruma kabisa: "Mathe, mpe huyo mnyama hata ugali."

Mnyama huyo anakula vizuri, kuliko mimi siku nyingine. Ni mbwa wa aina iitwayo wipeti, na jina lake ni Mshale. Aliingia katika nyumba yetu ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, Machi 2023 akiwa na umri wa wiki tisa. Mwenzangu kazini alikuwa akihamia ng'ambo na hakuwa na njia ya kwenda naye. Binti yangu wa miaka kumi na miwili alimwona mara moja tu, na jioni hiyo nikajikuta nimekubali kabla sijafikiri.

Tangu hapo watu huniuliza swali moja, hasa wanafunzi wanaotamani mbwa lakini wazazi wao wamekataa: je, mbwa anaweza kuishi kwenye fleti? Nami huwajibu kwamba ndani ya nyumba hakuna taabu kubwa. Taabu huanza pale unapofungua mlango.

Kama huifahamu Fedha, mtaa huu uko Embakasi, kati ya barabara za Outer Ring na Airport North, karibu na pale lilipokuwa jengo la Taj Mall kabla halijabomolewa mwaka 2018. Ng'ambo kidogo ni Tassia. Zipo nyumba za zamani zenye lango na kiuga, na kando yake yameota majengo ya ghorofa tano, sita na zaidi, yamekaribiana hata unaweza kujua jirani amepika nini bila kuuliza. Katika nyumba za lango, mbwa ni wa kulinda: hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Mbwa anayelala kwenye kochi ghorofani ni jambo ambalo wengi wetu tumelizoea kwenye filamu tu.

MBWA WA WACHIMBA MAKAA

Usidhani hata hivyo kwamba wipeti ni mbwa wa mabwanyenye. Asili yake ni kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 19, miongoni mwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda. Hao hawakuwa na uwezo wa kufuga farasi wa mashindano, wala greihaundi, yule mbwa mkubwa wa mbio. Wakakuza mbwa mdogo wa umbo lile lile, anayeweza kuishi katika nyumba finyu, anayekula kidogo, na anayeweza kukamata sungura wa kitoweo. Siku ya mapumziko walimpeleka mbioni. Mtu mmoja alimshika mbwa mwanzo wa uwanja, na mwenyewe akasimama mwisho wake, umbali wa mita 180 hivi, akipeperusha kitambaa na kumwita kwa sauti kuu. Mbwa akiachiliwa alikimbilia kitambaa. Hapo ndipo mshahara wa wiki ulipopatikana au kupotea. Chama cha mbwa cha Uingereza kiliitambua aina hii rasmi mwaka 1891.

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Mbwa aliyekuzwa na watu waliobanana katika nyumba za safu, wenye kazi ngumu na pesa chache, angeshindwaje na Fedha?

Mbwa wa aina hii aliyekomaa huwa na kimo cha sentimita 44 hadi 51 begani. Mshale sasa ana uzito wa kilo kumi na mbili. Wenzake wamepimwa wakikimbia kasi ya kilomita 56 kwa saa, mwendo ambao matatu iliyo kwenye Outer Ring saa kumi na mbili jioni haiwezi hata kuuota. Lakini si mbwa wa kukimbia siku nzima. Anatimua mbio dakika chache, kisha anataka kulala. Na kulala anakujua! Ukitoka kwenda kazini saa moja asubuhi unamwacha amejikunja kama chapati kwenye kona ya kochi, na ukirudi jioni utaapa kwamba hakusogea.

Habweki ovyo pia. Jambo hilo liliwafurahisha majirani lakini likamsikitisha mume wangu, aliyedhani kwamba angalau tumepata mlinzi. Mwizi akiingia kwetu, Mshale atamnusa mifuko, kisha atamwachia nafasi kwenye kochi.

MIEZI YA MAGAZETI

Nisikudanganye kwamba mwanzo ulikuwa mtamu. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kujizuia kwa zaidi ya saa mbili au tatu. Wenye viuga hufungua mlango wa nyuma tu. Sisi tulikuwa na ngazi za ghorofa nne, na mtoto huyo hakuruhusiwa kukanyaga chini kwanza, maana hakuwa amekamilisha chanjo.

Hili ni jambo ambalo wengi hawalijui. Kuna ugonjwa uitwao parvo, unaoharibu matumbo ya mbwa wachanga na kuwaharisha damu. Wengi hufa katika siku chache. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi. Mbwa koko mmoja mgonjwa akipita njiani leo, mtoto wa mbwa wako anaweza kuuokota ugonjwa huo baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo chanjo huanza akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, na haikamiliki kabla ya wiki ya kumi na sita. Mpaka wakati huo tulitandaza magazeti kwenye roshani (naam, na kurasa kama hizi unazosoma). Yalipolowa tuliyakunja, tukapiga deki.

Kupiga deki! Fedha, kama sehemu nyingi za Eastlands, maji ya mfereji huja kwa mgao. Wiki ambayo mifereji imekauka unanunua maji kwa mtungi wa lita ishirini, na kijana wa mkokoteni anataka nyongeza kwa kila ghorofa anayopanda. Nilimimina maji hayo sakafuni mara tano kwa siku huku nikijiuliza ni nani aliyeniroga.

Hata hivyo ni kosa kumfungia mbwa mchanga ndani kabisa. Umri wa wiki tatu hadi kumi na nne hivi ndio anapojifunza kipi cha kuogopwa na kipi si cha kuogopwa. Asipoona pikipiki, miavuli, watoto wa shule na watu wenye mizigo kichwani katika umri huo, atawaogopa maisha yake yote, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma. Tulimbeba mikononi. Kila jioni binti yangu aliteremka naye, akaketi kwenye ngazi ya mwisho karibu na lango, dunia ikampitia mbele: boda boda, muuza mahindi, wasichana wa kwaya, mkokoteni wa maji. Huko ndiko nilikopata jina langu jipya. Watoto wa jengo letu huniita Mama Mshale.

Julai ilipofika baridi ilimwingia mifupani. Wipeti hana mafuta mwilini wala manyoya ya maana, na sakafu ya vigae ni barafu. Tulikata mikono ya sweta kuukuu la shule tukamvika. Nakuambia, siku ya kwanza alipopita langoni amevaa sweta la kijani lenye nembo ya shule, bawabu aliketi chini kwa kicheko. Vilevile anahitaji tandiko laini, kwa kuwa viwiko vyake ni mfupa na ngozi tu, na akilala juu ya simiti hufanya sugu na vidonda.

CHAKULA NA DAKTARI

Kuhusu kumlisha sitasema mengi. Chakula cha dukani ni ghali. Sisi huchanganya kidogo na ugali, omena na mapafu ya bucha yaliyochemshwa. La muhimu ni kile usichompa. Sisi Wakenya hatuwezi kupika bila kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya mbwa. Basi yale makombo ya mchuzi uliyozoea kumtupia, yaache. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo; karibu na vibanda vya nyama choma lazima umshike karibu. Chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na kuna chingamu zisizo na sukari zenye kitu kinachoweza kumwua.

Dawa ya minyoo usiipuuze ikiwa una watoto nyumbani, kwa sababu minyoo ya mbwa mchanga huwaingia wao pia. Mwanzoni tulimpa kila baada ya wiki mbili, halafu kila mwezi hadi alipotimiza miezi sita. Na daktari wa mifugo akitaka kumfanyia upasuaji, mkumbushe kwamba ni mbwa wa jamii ya greihaundi. Kuna dawa za usingizi ambazo mbwa wasio na mafuta huchelewa mno kuamka kutokana nazo.

Upasuaji tuliufikia mapema kuliko tulivyotarajia. Mshale alipopevuka akiwa na miezi saba, nadhani mbwa koko wote wa kutoka Tassia walipata habari. Tuliamka asubuhi tukawakuta kumi na mmoja wameketi langoni kama waombolezaji. Hali hiyo huchukua wiki tatu hivi. Wapangaji waliruka viunzi kwenda kazini, na nilianza kusikia manung'uniko. Ilipokwisha, na daktari alipokubali, tulimfunga kizazi.

KWENYE NGAZI

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikae chini kuandika.

Katika jengo letu kuna familia kumi na nane. Tunatumia ngazi moja, nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Unaweza kumpenda mbwa wako upendavyo, lakini huwezi kumlazimisha jirani akutane naye gizani stima zikipotea.

Mama mmoja wa ghorofa ya pili ni Mwislamu. Wiki ya kwanza alibisha hodi, akakaa, akanywa chai, ndipo akasema: "Dada, sina chuki na mnyama wa Mungu. Lakini mate yake yakinigusa nguo sitaweza kusali mpaka niioshe." Katika madhehebu yake, ya Shafii, nguo iliyopatwa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hebu fikiria hesabu hiyo kwa maji ya mtungi. Tukakubaliana kwamba nikisikia nyayo zake nitasubiri kwenye kona ya ngazi na kumshika Mshale kati ya magoti hadi apite. Tumefanya hivyo tangu siku hiyo.

Wengine hawakubisha hodi. Mmoja alishuka mbio kila alipotuona. Mwingine alimwambia msimamizi wa jengo kwamba namfuga mbwa bila kumlisha, kwa kuwa mbavu zinahesabika. Nilipanda naye hadi kwake na sufuria ya mapafu mkononi. Daktari atakuambia kwamba mbwa wa aina hii asipoonyesha mbavu mbili tatu za mwisho, amenenepa kupita kiasi. Hakuniamini hata kidogo.

Basi siku moja ya Septemba 2023, saa kumi alasiri, kijana wa gesi alibisha mlango. Binti yangu akafungua bila kumshika mbwa. Wakati huo huo mvulana wa ghorofa ya tatu, wa miaka saba, alikuwa akishuka ngazi mbio na mfuko wa plastiki ukipepea nyuma yake. Wipeti huwinda kwa macho. Kitu kinachokimbia mbele yake huamsha damu ya wale wakamata sungura. Sikuwapo, lakini binti yangu anasema hakuona mbwa akitoka. Aliona tu kwamba hayupo. Katika ngazi ya tatu mvulana alianguka, na jino la Mshale lilikuwa limechana muundi wake. Halikuwa jeraha kubwa. Lilikuwa refu kama kidole, na lilitoa damu.

Ninachomshukuru binti yangu ni kwamba alikumbuka alichofundishwa. Alimfungia mbwa chooni, akamchukua mvulana, akaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili kwa saa ya ukutani, huku mtoto akilia na mama yake akipiga kelele mlangoni. Alimaliza mitungi miwili. Wewe pia ukiumwa na mbwa yeyote, hata kama ni wa nyumbani, hilo ndilo la kwanza, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta, pilipili wala unga wa kahawa.

Sababu ni kichaa cha mbwa. Kisa cha kwanza kuandikwa nchini Kenya kilikuwa cha mbwa mmoja viungani mwa Nairobi mwaka 1912, na ugonjwa huo haujatuacha tangu hapo. Wataalamu wanakadiria kwamba huua watu wapatao 2,000 nchini kila mwaka, na 59,000 duniani. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa ni watoto wasiofika miaka kumi na mitano. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, hakuna tiba. Kabla ya hapo, kuosha jeraha na kudungwa chanjo huokoa. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuwachanja mbwa wenyewe.

Daktari aliuliza swali moja tu kutuhusu: "Mbwa ana kadi?" Alikuwa nayo. Alichanjwa alipotimiza miezi mitatu. Hata hivyo, kwa kuwa ni mtoto, sindano zilianza siku hiyo, kisha siku ya tatu, kisha ya saba. Nililipa zote, na nauli. Halafu daktari akaeleza lile ambalo lilitawala maisha ya jengo letu kwa muda uliofuata: mbwa afungwe nyumbani na atazamwe siku kumi. Mbwa ambaye mate yake tayari yana virusi hivyo huugua na kufa ndani ya muda huo. Siku ya kumi akiwa mzima, mtoto yuko salama na sindano ya siku ya kumi na nne haihitajiki.

SIKU KUMI

Sijawahi kuhesabu siku namna ile, hata nilipokuwa mjamzito.

Baba wa mvulana huyo hakunifokea. Ingekuwa afadhali angefoka. Kila jioni saa moja na nusu alibisha hodi, akasimama kizingitini bila kuvua viatu, akasema, "Nimekuja kumwona." Namletea Mshale kwa kamba. Anamtazama macho, mdomo, namna anavyosimama. Anauliza, "Amekula?" "Amekula, baba." "Maji amekunywa?" "Amekunywa." Anaitikia kwa kichwa na kushuka. Nyuma yake nasikia mlango wa ghorofa ya tatu ukifunguliwa kabla hajaufikia. Mkewe alikuwa akisubiri jibu.

Siku ya nne barua ya mwenye nyumba ilipita chini ya mlango: mnyama aondoke kabla ya mwezi kwisha. Nilitoa mkataba wetu wa kupanga nikausoma kwa mara ya kwanza kwa makini. Haukutaja wanyama kwa lolote. Wewe usome wako kabla ya kuleta mbwa, si baada ya kuumana.

Nilianza kuuliza uliza pa kumpeleka. Chama cha kutetea wanyama, KSPCA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910, kina makao upande wa Karen ambako mbwa na paka waliokosa wenyewe hutunzwa hadi wapate nyumba. (Ukitaka mbwa, anzia huko. Wa kienyeji wana akili na afya kuliko wengi wa ukoo, na hakuna atakayekuuliza kama ni swara.) Nilikuwa na simu mkononi mara mbili, na mara mbili binti yangu alipita sebuleni bila kusema neno. Alijua ni yeye aliyefungua mlango.

Siku ya saba, Jumapili, wapangaji walikutana juu ya paa, chini ya kamba za nguo. Tulisimama kati ya mashuka yaliyoanikwa. Waliotaka mbwa aondoke walizungumza kwanza, na sikuwa na la kuwapinga. Mtoto alikuwa ameumia. Ndipo yule mama wa ghorofa ya pili akasema, "Mimi ndiye ninayemwogopa mbwa huyu kwa sababu ya dini yangu, na mimi ndiye ambaye nguo yangu haijaguswa mwaka huu. Mwulizeni kwa nini." Wakaniuliza. Nikawaeleza habari ya kona ya ngazi na magoti.

Yaliyoamuliwa hayakuwa ya upole. Mlango wetu utiwe mnyororo. Mbwa asipite ngazini bila kamba fupi, na apite kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na baada ya saa tatu usiku, watoto wanapokuwa ndani. Nakala ya kadi ya chanjo ibandikwe kwenye ubao wa msimamizi. Kosa jingine moja, ataondoka, na sisi naye tukipenda. Msimamizi aliyapeleka kwa mwenye nyumba, akayakubali. Sasa unajua kwa nini unanikuta barabarani saa kumi na moja na nusu.

Jioni ya siku ya kumi baba mvulana alikuja kama kawaida. Alimtazama Mshale muda mrefu. Mshale alipiga miayo. Kisha kwa mara ya kwanza alivua viatu, akaingia, akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza aliniuliza, "Sasa, Mama Mshale, huyu hukimbia kweli, ama ni maneno tu?"

Mbwa wa aina hii hafunguliwi kamba mahali pasipo ua. Akiona paka ng'ambo ya Outer Ring, atakuwa amefika katikati ya magari kabla hujamaliza kutamka jina lake. Wenye uwezo wa upande wa magharibi mwa jiji huwatembeza mbwa wao kwa kamba msitu wa Karura. Sisi hatuna gari, na hakuna makanga atakayekupakia na mbwa. Tulichonacho ni uwanja wa shule moja ya karibu, wenye ukuta pande zote. Bawabu wake hutuingiza Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kwa sharti kwamba tusiache kinyesi hata kidogo.

Jumapili iliyofuata tulikwenda watano. Binti yangu alisimama kwenye goli la mbali na taulo jekundu. Mvulana, bendeji ikiwa bado mguuni, alikuwa amesikia habari za wachimba makaa na akasema anataka kuwa yule anayeshika. Baba yake alisimama karibu na lango, mkono kwenye komeo. Nilimwonyesha mtoto namna ya kupitisha vidole vyote viwili chini ya ukanda wa shingoni. Alikuwa akitetemeka. Mshale naye alikuwa akitetemeka, lakini yeye ni kwa sababu alikuwa ameona taulo.

"Achilia," nikamwambia.

Nilihesabu hadi nane. Vumbi lilikuwa bado halijatua pale tulipokuwa tumesimama, na yeye alikuwa amekwisha kufika golini, akining'inia kwenye taulo. Baba mvulana aliondoa mkono kwenye komeo, akasema kitu kwa Kikamba ambacho sikukielewa.

"Tena," mtoto akasema. "Mwiteni arudi, nimshike tena."